Foda la Sijui

Ile sauti niliyomrushia Maalim, anayenisimamia masomo, WhatsApp usiku ule bado n'nayo kwenye simu, sekunde 41, na kila nikiisikiliza natamani nijifiche uvunguni. Nnazungumza mbio mbio utasema nimefukuzwa na mbwa, nnasema Maalim nimeviona, virusi, vimejipanga safu safu kama mayai kwenye trei, vyote saizi moja, tumboni mwa kiluwiluwi wa hapa hapa Chake, Maalim hichi kitu sidhani kama kuna mtu kashawahi kukiandika. Saa sita na robo usiku hiyo. Na Maalim akishasali isha hapatikani, simu huko mbali na tasbihi ndo iko karibu. Akajibu baada ya alfajiri, maneno manne tu: "Ukubwa wake kiasi gani?"

Sikuwa najua. Nimekaa na picha ile ya hadubini masaa matatu, nimeizuumu mpaka imekuwa vigae vigae, na ule mstari mdogo mweupe uliopo pembeni kule chini unaokwambia hapa ni nanomita ngapi, na nanomita milioni ndo milimita moja, sikuwa nimeutupia jicho hata mara moja.

Wacha nirudi nyuma kidogo. Miye ni mwalimu wa baiolojia skuli ya sekondari, na jioni na wikiendi ni mwanafunzi wa masta, na mada yangu ni viluwiluwi vya mbu wa chooni, yule Culex anayepiga kelele sikioni usiku. Watu wanamdharau kwa sababu haleti malaria, lakini huyu ndo anayeeneza matende na mabusha kwetu, na wazee wetu walioathirika hawahitaji kuelezwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Makunduchi walimwaga kwenye vyoo vya shimo chembe za lile povu jeupe linalokuja na maboksi ya tivii, zikaelea zikafunika maji yote, mbu akija kutaga hapati pa kutua na kiluwiluwi akija juu kuvuta pumzi hapati upenyo, na watu huku wanapewa dawa, na ugonjwa ukashuka kweli. Mpaka leo nikiwasimulia wanafunzi wanadhani nnatunga.

Sasa mimi sikutaka kuwaua, nilitaka kuwaona ndani. Seli za tumbo la kiluwiluwi zinafanya kazi kwenye mazingira ambayo mimi na weye tungeungua, sehemu ya mbele ya utumbo wake ina ukali wa alkali unaofika hadi pH 10 na kupanda, na mdudu yuko zake ndani ya chemba anakula uchafu na kunenepa. Nilitaka kujua seli hizo zimejengwa vipi, na kuna wageni gani wanaoishi humo.

Kwahiyo kuna asubuhi utanikuta nyuma ya nyumba ya jirani, chemba imefunuliwa, nimeshika upawa mrefu na ndoo. Unautia upawa taratibu maana wakiona kivuli wanazama wote, unasubiri kidogo, wanarudi kuning'inia kichwa chini mkia juu, ule mkia ndo bomba lao la pumzi, halafu unachota. Mama alikuwa kwenye baraza anasuka ukili, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, ndo umesoma kote huko uje uteke maji ya choo?" Sikuwa na jibu zuri.

Shida ya kwanza ya kiluwiluwi ni ngozi yake. Dawa ya kugandishia seli, glutaraldehaidi asilimia 2.5, haipenyi ile ngozi, ukimtumbukiza mzima mzima anakufa nje ndani anaoza. Lazima umkate ndani ya tone la dawa yenyewe, chini ya hadubini ya kawaida, kichwa huku mkia huku, uvute utumbo utoke, na ufanye haraka maana seli ikichelewa dakika chache inaanza kujiharibu, mitokondria, vile vijitanuri vya nguvu vya seli, zinavimba kama maandazi yaliyozidi hamira. Mkono ukitetemeka umemaliza. Siku ya kwanza niliharibu 11, siku ya pili 6. Kuna mmoja nlimwandika daftarini pembeni, kwa penseli, "huyu mweupe mwili mzima, kama tui la nazi", nikampasua, nikaendelea na wengine, wala sikumfikiria tena. Mwekeni akilini huyo.

Hadubini ya elektroni, ile inayoangalia kwa elektroni badala ya mwanga, kisiwani kwetu sijaiona, kwahiyo vichupa vyangu vikasafiri. Kuna ofisi moja waliniganda wiki mbili wakitaka kibali cha kusafirisha wanyama hai, nnawaambia hawa wamekufa, nimewaua mwenyewe, wamekatwa vipande, afisa ananiambia lakini fomu imeandikwa wadudu. Haya. Vikafika Ulaya, kwa shoga yangu mmoja tuliyesoma pamoja dakhalia moja, yeye sasa ndo fundi wa kazi hizi. Akaviosha kwa osmiamu mpaka vikawa vyeusi tititi, akatoa maji yote kwa spiriti hatua kwa hatua, akamimina rezini, akatia kwenye oveni gradi 60 siku mbili, ikatoka kitu kigumu kama kifungo cha shati na utumbo wa kiluwiluwi wangu umo katikati. Halafu akakata. Kisu cha almasi, na kipande kina unene wa nanomita 70. Mimi namba hizi hazikuniingia mpaka nilipokaa na kalamu: kiluwiluwi aliyekua ana urefu wa kama milimita 7, ukimkata wote kwa unene huo unapata vipande laki moja. Laki moja! Na mimi nimeletewa picha za vipande visivyofika hata 40, kutoka viluwiluwi 5. Mtu akikwambia ameona kiluwiluwi kwenye hadubini ya elektroni, muulize vipande vingapi.

Picha zilikuja 188, kwa linki, bando likaisha kwenye ya 60, nikanunua jengine, likaisha kwenye ya 140.

Nikazifungua. Jamani. Nilitegemea, sijui nilitegemea nini, ile michoro ya vitabu vya skuli, kiini cha seli hapa rangi ya zambarau, mitokondria hapa rangi ya machungwa na mshale. Hakuna rangi wala mshale. Elektroni hazina habari na rangi, zile picha za rangi unazoziona zimepakwa baadae na mtu kwenye kompyuta. Ni kijivu juu ya kijivu, na kila kitu kimejaa pomoni, utasema umepiga picha bakuli la urojo kutokea juu na unaambiwa taja kila kilichomo, hapa katlesi, hapa bajia, hapa kiazi, na hii nyeupe ni chatne ya nazi au ni povu tu.

Halafu kuna jambo moja ambalo natamani ningeambiwa siku ya kwanza. Ule weusi si wa seli. Seli yenyewe kwa elektroni ni karibu kama haipo, zinapita moja kwa moja. Unachokiona ni madini mazito tuliyoyatia sisi, osmiamu imeshika kwenye mafuta ya utando, urani imeshika kwenye protini na kwenye DNA na RNA, na risasi ikaongezea juu yake. Kama piko. Mkono wa bi harusi hauna maua, maua ni pale piko iliposhika. Kwahiyo pakiwa peusi usijiulize hichi ni nini, jiulize kwanza piko imeshika nini hapa, au imemwagika tu.

Na ilikuwa imemwagika. Wiki yangu ya kwanza nzima nimeimaliza na vinukta vyeusi tii vilivyotapakaa kwenye picha kama 20, nikavihesabu, nikavipima, nikachora na grafu, jina nikavipa, CH1. Nikamtumia shoga yangu. Akacheka mpaka akakohoa. Akanambia, hiyo risasi, ukiipumulia tu ile hewa ya ukaa inayotoka mdomoni inaigeuza kuwa chengachenga nyeupe na zikitua kwenye kipande ndo hizo nukta, siku ile nlikuwa na mafua. Mafua ya mtu Ulaya, nimeyahesabu mimi hapa Chake, nimeyatengenezea grafu. Na dalili ilikuwa wazi, nukta zile zilikuwa zimekaa juu ya seli, zimekaa nje ya seli, zimekaa mpaka kwenye rezini tupu ambapo hapana mdudu. Kitu cha seli hakiwezi kuwa kimetapakaa mpaka pasipo na seli. Basi ndo sheria ya kwanza niliyoandika kwenye ukuta juu ya meza yangu: je, kipo na pasipo na mdudu?

Vitu vyengine vilinitoka vyepesi zaidi. Kulikuwa na mashimo ya duara katikati ya seli, meupe pe, na ukingo wake una vijipinda vipinda, nikaandika "tundu, labda imechanika". Kumbe ni mirija ya hewa. Mdudu hana mapafu na damu yake haibebi hewa kama yetu, hewa inapelekwa kwa mabomba mpaka mlangoni kwa kila seli, na bomba lina springi ndani lisije likajikunja, zile nyuzi zinazozunguka kama springi ya peni ndo vile vipindapinda. Ukishaijua huisahau tena, unaiona kila mahali.

Kuna na vile vya duara ndani ya duara, kama kitunguu maji kilichokatwa. Hivi vilinisumbua kwa sababu vinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Vyengine ni vijiwe vya madini ambavyo seli za utumbo wa wadudu hujiwekea akiba, tabaka juu ya tabaka, vigumu kiasi kwamba kisu kikipita vinang'oka na kuacha tundu lenye kingo zilizoraruka. Vyengine ni utando wa mafuta uliojikunja wenyewe kama mkeka, na huo unaweza kuwa ni kazi halali ya seli kuchakata takataka zake, au unaweza kuwa ni mimi, nilichelewa kukata siku ile, seli ikaanza kuoza ndani ya dawa. Utajuaje? Unaangalia majirani. Kama mitokondria za jirani zimekaa vizuri, nyembamba, mikunjo yake ya ndani inaonekana, basi kitunguu kile kina haki ya kuwepo. Kama mitokondria zimevimba na katikati nyeupe, ondoa picha hiyo usijidanganye. Nilitoa picha 31 kwa namna hii, na iliniuma, kila moja nnaikumbuka ilivyonigharimu bando.

Na usidhani ni wanagenzi peke yetu tunaodanganywa na dawa. Hadubini hii ilianza Berlin mwaka 1931, Ernst Ruska na Max Knoll, na picha ya kwanza ya seli nzima ya mnyama imetoka 1945, kwahiyo miaka ya 1950 na 60 watu walikuwa ndo wanagundua kila kitu kwa mara ya kwanza, kila wiki kitu kipya. Wakaona ndani ya bakteria kuna mikunjo ya utando, mizuri, imejiviringa, wakaipa jina mesosomu, wakaandika makaratasi kwa makaratasi, wakaipa na kazi, hii inasaidia kupumua, hii inasaidia bakteria kugawanyika. Ikaingia vitabuni. Miaka ya 1970 watu wakaanza kugandisha bakteria kwa baridi kali ya ghafla badala ya dawa, na mesosomu zikapotea. Hazikuwahi kuwepo. Dawa ndo ilikuwa inazitengeneza. Yaani watu wazima, wenye hadubini zao wenyewe chumba cha pili, wameandika kazi ya kitu ambacho hakipo. Nikisoma habari ile huwa nnafarijika kidogo kuhusu mafua ya shoga yangu.

Haya turudi kwenye virusi vyangu.

Baada ya ujumbe wa Maalim nikaenda kwenye ule mstari mweupe, nikapima, kila duara lilikuwa na upana wa nanomita 110 hivi. Nikamjibu kwa furaha maana nilikuwa nimesoma kwamba kuna virusi vya wadudu, vile vinavyomfanya kiluwiluwi ang'ae rangi ya buluu au ya kijani ukimtia kwenye mwanga, vinajipanga hivi hivi ndani ya seli, safu kwa safu, nanomita 130, 180. Nikasema 110 na 130 si mbali, rezini inabana, kisu kinaminya. Unaona mtu anavyoanza kujitetea? Hapo ndo penye hatari, ukishalitaja jina kila kipimo kinalitafutia jina lile ushahidi.

Akajibu: "Viko ndani ya seli au nje?"

Nilikasirika. Nikasema moyoni huyu mzee hajaangalia hata picha. Ndani bila shaka, viko katikati ya picha! Lakini nikarudi, safari hii bila kuzuumu sana. Baina ya duara na duara palikuwa peupe. Peupe kabisa. Na seli ndani yake haiwi nyeupe hivyo, siku zote kuna ribosomu, zile chembe za nanomita 20 na kitu, zimemwagika kila pahala kama ufuta juu ya mkate. Hapa hapana hata moja. Halafu kila duara lilikuwa na utando wake mwenyewe, ule wa mistari miwili ya giza na mwanga katikati, na ndani ya duara kulikuwa na vinukta vidogo vidogo vimekusanyika. Virusi vile havina vinukta ndani, vina tumbo jeusi moja na umbo la pembe sita.

Na picha iliyomaliza kesi ilikuwepo siku zote. Faili namba 52, mimi nilikuwa nnashughulika na 55. Shoga yangu, fundi mzuri, kila pahala alipopiga picha ya karibu alianza na ya mbali, na mimi zile za mbali nilikuwa nnazipita maana hazina mvuto, ukungu ukungu, ramani tu. Nikaifungua 52. Seli ya utumbo, na juu yake upande wa chakula kunapopita, brashi. Vidole vyembamba maelfu vimesimama pamoja, ndo vinavyofyonza chakula. Kisu kimepita upande mmoja kwa urefu, vidole vinaonekana vidole, halafu utumbo umejikunja, vidole vimelala, na kisu kimevikata kichwa. Vidole vikikatwa kichwa vinakuwa duara. Ukifuata kutoka kushoto kwenda kulia unaviona vinavyobadilika, kidole, kidole kifupi, yai, yai, duara, duara, duara. Vile vinukta vya ndani ni ncha za nyuzi za aktini zinazokisimamisha kidole. Mayai yangu kwenye trei.

Kinachoniudhi ni kwamba nnakata bamia tangu n'na miaka minane. Bamia likikatwa mapande ni nyota yenye vyumba vitano na mbegu, likipasuliwa kwa urefu ni mtumbwi, na hakuna mtoto Pemba anayesema hizo ni mboga mbili. Lakini kuyajua hayo jikoni hakukunisaidia chochote mbele ya skrini, nataka niwe mkweli, kwa sababu bamia nimeliona zima kabla sijalikata. Kidole cha seli sijawahi kukiona kizima. Nimeanza na kipande, na mwenye kuanza na kipande lazima akubali kuwa hajui kisu kilipita wapi.

Maalim nilimwandikia kwa aibu. Akanitumia kile kidole gumba tu.

Sasa yule mweupe kama tui. Picha zake zilikuwa za mwisho mwisho, 160 kwenda juu, na safari hii nilijiwekea masharti. Jina marufuku. Foda lake nikaliita Tui basi, na nikaanza na picha ya mbali, nikanywa chai kwanza. Seli za mafuta, zile ambazo kiluwiluwi anawekea akiba yake ya kugeukia mbu, zimejaa vitu vya umbo la yai. Si kimoja, ni vingi, mpaka kiini cha seli kimesukumwa pembeni kama mwenye nyumba aliyevamiwa na wageni. Nikaandika daftarini, na hapa nnanakili kama nilivyoandika:

"Umbo la yai. Urefu mikromita 5 kasoro. Ndani ya seli, ribosomu ziko pande zote. Ukuta mnene, tabaka mbili, ya nje nyembamba nyeusi, ya ndani nene nyeupe. Ndani ya yai, ukingoni, viduara vidogo vimepangwa mstari, 7 upande huu, 6 upande ule. Havipo pasipo na mdudu. Mitokondria za jirani nzima."

Viduara 7 na 6. Nililala nikiviwaza. Duara ni nini tena? Duara ni kitu kirefu kilichokatwa kichwa, hilo sasa nimeshalipia. Kitu kirefu, kinatokea upande huu mara saba na upande ule mara sita, ndani ya yai. Chukua kamba, izungushe ndani ya kopo kama mpira wa kumwagilia maua unavyokunjwa, halafu pasua kopo. Utaona ncha upande huu na ncha upande ule, na kama kisu hakikupita sawasawa zinaweza kutofautiana moja. Ni kamba moja, imejizungusha kama mara saba.

Nikamtumia Maalim maelezo yale yale, neno kwa neno, bila jina. Saa nne asubuhi akajibu: "Sasa taja."

Maikrosporidia. Ni vijidudu vya ukoo wa kuvu, vya seli moja, vinavyoishi ndani ya seli za wenyewe, na ile kamba ndo silaha yao, kijiyai kikimezwa kamba inafyatuka kwa nguvu inageuka bomba, inatoboa seli ya mwenyeji, na kijidudu kizima kinapita ndani ya bomba kinahamia. Mdudu mwengine hana kamba ya namna ile, ukiiona umemjua. Ndo hawa waliowamaliza nondo wa hariri wa Ufaransa mpaka akaitwa Louis Pasteur miaka ya 1860 kuangalia. Na ndo ndugu zao walioandikwa Kenya mwaka 2020, wanaoishi ndani ya mbu wa malaria bila kumuumiza na wanaomzuia asibebe vimelea. Wangu mimi ni tofauti, wangu anamjaza kiluwiluwi mpaka anakuwa mweupe kama tui, na jina lake kamili picha hainipi, mpaka DNA. Nimeandika "maikrosporidia" nikaishia hapo, japo mkono uliwasha.

Limebaki foda la Sijui. Lina picha 9. Nane kati yake nadhani siku moja zitaondoka, kuna mbili nnahisi ni Wolbachia, bakteria waliogunduliwa ndani ya mbu wa jamii hii hii 1924 na Hertig na Wolbach, maana ukihesabu utando ni tatu na mitokondria zina mbili tu, lakini kwenye kona moja utando wa tatu sijauona vizuri kwahiyo wamekaa humo humo mpaka niuone. Ya tisa ndo yenyewe.

Iko ndani ya kiini cha seli ya mafuta, si ya yule mweupe, kiluwiluwi mwengine mzima tu. Mistari imenyooka, imelala sambamba, na inakatwa na mistari mengine kwa mshazari, inafanya kama kitambaa. Inaweza kuwa protini iliyoganda kuwa fuwele, inaweza kuwa virusi vya namna ya fimbo vimelala kwa urefu, inaweza kuwa mafua. Nimeuliza je ipo pasipo na mdudu, haipo. Majirani wazima. Picha ya mbali ipo, haisemi kitu. Kipande kilichofuata, ambacho kingenionesha kisu kilipita vipi, kimejikunja pale pale, si pengine, pale pale.

Wiki iliyopita umeme ulikatika magharibi, laptopu ina chaji, nikaitoa barazani kwenye upepo na picha ile iko wazi. Mama yuko na ukili wake, anasuka gizani, hahitaji taa. Akainama kuangalia skrini, kwa muda, miwani yake kaipandisha juu ya paji la uso kama kawaida yake, anasema anaona vyema zaidi bila ya miwani.

"Nani kasuka hivi?"

"Hakusuka mtu, mama, ni ndani ya kiluwiluwi."

"Hapa chane moja imekatika," akaweka kidole kwenye kioo, akaacha alama ya ukindu. "Huku ziko kumi, huku ziko tisa. Aliyesuka kaisahau."

Nikahesabu. Nikahesabu tena kwa kalamu, nikaenda na kurudi. Miezi mitano n'nayo picha ile. Nikatafuta daftari kwa tochi ya simu, nikaandika chini ya mengine yote: mstari wa 7 kutoka juu unaishia katikati, iliyobaki inasogeleana kuziba pengo.